Miungu ya kale ya Waslavi: ipi ni historia, ipi ni chai?

Mpekuzi wa Kale:

Wakuu, salaam.

Kuna video zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zikidai kwamba Ulaya ya kale ilikuwa dola moja kubwa ya Waslavi (mababu wa Warusi, Waukraine, Wapolandi na wenzao), kwamba walikuwa na maandishi yao maelfu ya miaka kabla ya Kristo, halafu Kanisa likachoma kila kitu na Wajerumani wakaandika historia upya. Humu jukwaani nimeona watu wawili watatu wakizileta kama ushahidi. Mambo haya nayafuatilia kwa mapenzi tu, nikaona nifungue uzi tuyachambue.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asije mtu akasema nazunguka mbuyu. Dini ya jadi ya Waslavi ilikuwepo, ilikuwa na mahekalu, makuhani na hata askari wake, na habari zake za kweli ni tamu kuliko hizo video. Shida ni kwamba tunachokijua ni kidogo, na karibu chote kimeandikwa na maadui zao. Katika pengo hilo ndimo wapiga kamba walimojenga maghorofa.

Tuanzie Kyiv, leo mji mkuu wa Ukraine. Mwaka 980 Vladimir, mtawala wa dola ya Rus, alisimamisha sanamu kilimani, nje ya ua wa jumba lake. Perun, mungu wa radi, alichongwa kwa mti, kichwa cha fedha, masharubu ya dhahabu. Wengine walikuwa Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh, na huyo Mokosh ndiye mwanamke pekee kwenye orodha. Miaka minane baadaye Vladimir yule yule kabatizwa, karudi mjini, kaamuru sanamu ziondoke. Nyingine zikakatwakatwa, nyingine zikachomwa moto. Perun akafungwa kwenye mkia wa farasi na kuburutwa mteremkoni, watu 12 wakimcharaza bakora. Mtawa aliyeandika habari hizi anaeleza kabisa kwamba mti hausikii maumivu, bakora zile zilikuwa za kumdhalilisha shetani aliyewahadaa watu kwa sura ile. Wasiobatizwa walikuwa wakilia. Kisha Perun akatupwa mto Dnieper, na Vladimir akaweka watu wa kumsukuma kila atakapokwama ukingoni, mpaka avuke maporomoko. Baada ya hapo likatoka tangazo: asiyekuja mtoni kubatizwa, awe tajiri au maskini, ajihesabu kuwa adui wa mtawala.

Simulizi hiyo imeandikwa na watawa mwanzoni mwa karne ya 12, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya tukio. Inataja miungu sita kwa majina, basi. Perun alimzaa nani, aligombana na nani, dunia ilianzaje, hakuna. Wagiriki wametuachia visa vya miungu vya kujaza maktaba. Kwa Waslavi wa mashariki tuna majina, viapo na matangazo ya marufuku. Kwenye mikataba yao na Konstantinopoli (leo Istanbul) ya karne ya 10, kwa mfano, wanaapa kwa Perun na kwa Volos, "mungu wa mifugo". Visa vya Perun kupambana na Veles (ndiye huyo huyo Volos) unavyosoma mitandaoni ni kazi ya wanaisimu Ivanov na Toporov, waliojaribu katika karne ya 20 kuunganisha vipande vya ngano. Ni kazi ya kisomi na ina mashiko yake, lakini hakuna mzee wa kale aliyekaa akasimulia kisa kile na kikaandikwa.

Upande wa magharibi, pwani ya Baltiki, ndiko kwenye utajiri. Kwenye kisiwa cha Rügen, ambacho leo kiko Ujerumani, palikuwa na ngome ya Arkona juu ya jabali la chokaa, na ndani yake hekalu la mbao la mungu Svantevit. Mwanahistoria Mdenmark, Saxo Grammaticus, ameliandika kwa kirefu. Sanamu ilikuwa kubwa kuliko mtu, ina vichwa vinne, mkononi imeshika pembe ya kinywaji. Kuhani alikuwa akifagia hekalu yeye mwenyewe, na humo ndani haruhusiwi kuvuta pumzi. Akitaka kupumua anakimbilia mlangoni, anapumua, anarudi na ufagio. Baada ya mavuno anaitazama ile pembe mbele ya watu: kinywaji kikiwa kimepungua tangu mwaka jana, mwaka ujao ni wa njaa, tunzeni nafaka. Halafu unaletwa mkate wa mviringo wenye asali, mkubwa karibu sawa na kimo cha mtu. Kuhani anajibanza nyuma yake na kuuliza, mnaniona? Wakijibu wanamwona, anaomba mwakani wasimwone, maana yake mavuno yaongezeke.

Palikuwa pia na farasi mweupe wa mungu, haruhusiwi mtu kumpanda isipokuwa kuhani. Asubuhi nyingine alikutwa ana jasho na matope, na watu wakaelewa kwamba Svantevit alitoka naye usiku kwenda vitani. Kabla ya kwenda vitani walipanga mikuki chini na kumvusha yule farasi. Akitanguliza mguu wa kulia, safari ipo.

Mwaka 1168 mfalme Valdemar wa Denmark na askofu Absalon waliiteka Arkona. Waliotumwa kuiangusha sanamu waliikata miguu kwa mashoka, kwa tahadhari isije ikawalalia. Wenyeji waliambiwa wafunge kamba waivute nje, wakaogopa, wakawasukumia kazi hiyo mateka na wageni. Jioni wapishi wa jeshi waliipasua kuni wakapikia.

Nitarudi kwenye zile nadharia mbadala. Karibuni.

Mtoto wa Kariakoo:

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mungu anapikiwa ugali jioni hiyo hiyo, aisee.

Jicho la Tatu:

Mkuu umeandika vizuri ila umevaa miwani ya watu wa Magharibi. Unamnukuu Saxo, aliyekuwa mtu wa askofu Absalon. Unawanukuu watawa. Washindi ndio wanaoandika. Waslavi wenyewe waliandika na kitabu chao kipo, kinaitwa Kitabu cha Veles, mbao zilizoandikwa na makuhani karne ya 9. Mbona umekiruka? Halafu kuna profesa wa hisabati wa Moscow, Fomenko, ameonyesha kwa hesabu kwamba historia yote ya kale imerefushwa kwa makusudi. Huyo naye ni chai?

Mpekuzi wa Kale:

Jicho la Tatu, sijakiruka, nilikuwa nakiwekea nafasi yake.

Hoja yako kwamba waandishi walikuwa maadui ni sahihi na nimeshaisema mwenyewe. Lakini ushahidi wa adui haujazwi kwa ushahidi wa kutunga. Twende na hizo mbao zako hatua kwa hatua.

Simulizi inasema mwaka 1919, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Urusi, ofisa wa jeshi aitwaye Izenbek aliziokota kwenye jumba lililoporwa upande wa Kharkiv. Akakimbia nazo hadi Brussels. Huko akakutana na mkimbizi mwenzake, Yuri Mirolyubov, mtu aliyekuwa anaandika mambo ya dini ya kale ya Waslavi. Mirolyubov anasema Izenbek hakumruhusu kutoka nazo nje, hivyo alikaa akizinakili kwa miaka. Mwaka 1941 Izenbek akafariki, mbao zikapotea. Baada ya hapo, miaka ya 1950, nakala za Mirolyubov zikaanza kuchapishwa San Francisco kwenye jarida la wakimbizi wa Kirusi.

Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyezisoma, na ndiye aliyezinakili, na hazipo. Kilichobaki ni picha ya ubao mmoja. Picha hiyo ilifika Muungano wa Kisovieti, na mwaka 1960 mtaalamu wa maandishi ya kale, Lidia Zhukovskaya, akaandika kwamba haikupigwa kwenye ubao, ilipigwa kwenye mchoro uliokuwa kwenye karatasi. Huo ni upande wa kifaa. Upande wa lugha ni balaa zaidi. Karne ya 9 lugha ya Kislavi ilikuwa na sauti na miisho ambayo baadaye ilipotea kwa utaratibu unaojulikana. Kitabu cha Veles kinachanganya maumbo ya Kipolandi, Kicheki, Kiserbia na Kirusi cha juzi, pengine ndani ya sentensi moja. Andrey Zaliznyak, mwanaisimu mkubwa wa Urusi aliyefariki 2017, alilichambua hilo na kuona kwamba mtungaji hakujua hata misingi ya historia ya lugha za Kislavi.

Sasa linganisha na kitu kilichopo. Tarehe 26 Julai 1951, mji wa Novgorod, Urusi, mama mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye uchimbaji, Nina Akulova, aliokota gome la mti wa betula lililojikunja, limejaa tope, lina herufi zilizokwaruzwa. Leo yamepatikana zaidi ya 1,100 kwenye mji huo peke yake. Nani anadaiwa na nani, mume anamwagiza mke afanye nini, posa, malalamiko. Kuna mtoto wa karne ya 13 aitwaye Onfim aliyekuwa anajifunza herufi, akachoka, akajichora yupo juu ya farasi anamchoma adui mkuki. Mbao zenyewe pia zipo: mwaka 2000 zilifukuliwa pale pale Novgorod mbao tatu zilizopakwa nta zenye Zaburi, za mwanzoni mwa karne ya 11. Zimehifadhiwa, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuzikagua.

Na kama unataka Mslavi wa kale azungumzie maandishi kabla ya Ukristo, yupo. Mtawa wa Bulgaria aliyejiita Hrabar, karibu na mwaka 900, anasema Waslavi walipokuwa wapagani hawakuwa na vitabu, walikuwa wanahesabu na kupiga ramli kwa mistari na mikwaruzo. Hilo nalichukua. Vitabu, hapana.

Jicho la Tatu:

Hujajibu la Fomenko.

Mpekuzi wa Kale:

Fomenko ni mwanahisabati kweli, wa kiwango cha juu, hilo halina ubishi. Wazo la msingi si lake. Lilikuwa la Nikolai Morozov, mwanamapinduzi aliyefungwa na serikali ya Tsar kwa zaidi ya miaka 20, akatoka mwaka 1905, akaandika vitabu vya kudai kwamba historia ya kale ni nakala ya Zama za Kati. Fomenko akalichukua na kulitia takwimu: unalinganisha orodha za wafalme, wakifanana muda wa utawala unasema ni watu wale wale. Matokeo yake Yesu anaishi karne ya 12, na dola ya Wamongolia inageuka kuwa jeshi la Warusi wenyewe.

Turudi Novgorod, kwa sababu pale udongo umejaa maji na mbao haziozi. Mtaa mmoja ulitandikwa magogo, yakizama kwenye tope wanatandika mengine juu, yakizama tena mengine. Wachimbaji wamehesabu tabaka 28. Pete za miti (zile duara zinazoongezeka kila mwaka ndani ya shina) zimewapa mwaka wa kila tabaka, kutoka 953 hadi 1462. Magome ya betula yanapatikana katikati ya tabaka hizo, na lugha yake inabadilika kadiri unavyopanda juu, kama isimu inavyotarajia. Ukitaka kuzifupisha karne unazotaka kuzifupisha, inabidi kwanza uyafukuze magogo.

Kwa nini watu walimpenda Fomenko ni swali zuri zaidi. Vitabu vyake vilishika kasi miaka ya 1990. Muungano wa Kisovieti umekufa, akiba za watu zimeyeyuka, historia waliyofundishwa shuleni imekuwa ya mashaka. Hata Garry Kasparov, bingwa wa sataranji, aliwahi kumuunga mkono. Mtu anayekuambia "ulikuwa mtawala wa dunia, ukaibiwa" katika hali kama hiyo hakosi wateja.

Mzee Voronezh:

Vijana, nimewasoma kimya kimya. Mimi nilisoma huko miaka ya 1980, serikali ilitupeleka kundi kubwa la Watanzania. Mwisho wa majira ya baridi palikuwa na sherehe ambayo kwenye mabango iliandikwa "kuiaga baridi ya Urusi", lakini bibi wa bwenini kwetu aliiita Maslenitsa. Wanapika chapati za maji kwa wiki nzima, zinapakwa siagi, mnakula mpaka tumbo linauma. Mwisho linachomwa sanamu la majani lililovalishwa gauni na kitambaa cha kichwa. Nilimuuliza bibi, huyu ni nani? Akasema ni baridi, anaondoka. Na yeye huyo kila Jumapili alikuwa anavaa vizuri anakwenda kanisani, enzi hizo kanisa si jambo la kujionyesha. Sasa kijana wangu Mpekuzi, ile ilikuwa ni dini ya jadi au siyo?

Mpekuzi wa Kale:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako linagawa wasomi mpaka leo.

Maslenitsa inafuata kalenda ya Pasaka, ni wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima, wiki ambayo nyama imeshakatazwa ila maziwa na siagi ruksa. Ndiyo maana siagi. Maelezo ya kuchoma sanamu kwa Warusi ni ya zama za karibuni, hayafiki enzi za Perun. Kwa hiyo mimi nasita kusema bibi yako alikuwa anaendeleza ibada ya mwaka 900. Wasomi wa Kisovieti, hasa Boris Rybakov, walikuwa wepesi sana wa kuona upagani kila mahali, hadi kwenye tarizi za taulo.

Lakini lipo moja lenye karatasi. Poland wana sanamu la majani liitwalo Marzanna, na sinodi ya Poznań ya mwaka 1420 iliwaagiza mapadri wawazuie watu kubeba sanamu la Kifo na kulitupa majini. Jambo likikatazwa, lipo.

Binti Kisauni:

Ndugu Mpekuzi, hongera kwa kazi. Mimi ni wa Mombasa, nipo Kraków kikazi. Hiyo Marzanna naithibitisha. Tarehe 21 Machi watoto wa chekechea hupita barabarani wamelibeba, wamelivisha kanga zao za huku, mwalimu mbele, nyimbo juu. Wanakwenda nalo mtoni, linawashwa moto na kutoswa. Baada ya hapo mtoto asigeuke nyuma kuangalia, eti atapata maradhi. Mwanangu aliniambia yeye aligeuka na hakuumwa. Siku hizi shule nyingi zinatengeneza la karatasi, kwa ajili ya kutochafua mto.

Nami nina swali. Hapa makumbusho ya akiolojia ipo ile nguzo ya jiwe yenye nyuso nne chini ya kofia moja. Nimeizunguka pande zote, inatisha kwa uzuri. Wameandika ni mungu Svantevit au mfano wake. Ni ya kweli?

Mpekuzi wa Kale:

Dada, umesimama mbele ya ugomvi mkubwa kuliko yote katika fani hii.

Nguzo hiyo ya chokaa, mita mbili na nusu hivi, ilitolewa mto Zbruch, upande ambao leo ni Ukraine, mwaka 1848 maji yalipopungua. Kwa miaka zaidi ya 150 ilikuwa ndiyo sura ya dini nzima, kila kitabu kina picha yake. Kisha wanaakiolojia wawili wa Ukraine, Oleksiy Komar na Natalia Khamaiko, wakaandika kwamba wanaona ni kazi ya karne ya 19. Hoja zao: mavazi na upanga haviendani na karne ya 10, uchongaji hauonyeshi kuzeeka kwa miaka elfu, na jirani na mto ule aliishi mshairi Tymon Zaborowski, kijana wa enzi za washairi kuhusudu mambo ya kale, aliyependa sana mambo ya Waslavi. Wengine wamekataa, wakiwemo wanaoilinda kwa hoja za jiolojia ya jiwe lenyewe. Binafsi naelekea upande wa wenye shaka, ila sitoi hukumu.

Shaka yenyewe haikutoka hewani. Karne ya 18 Ujerumani ya kaskazini kulikuwa na ndugu wa familia ya Sponholz, mafundi dhahabu wa Neubrandenburg. Walitoa vijisanamu vya shaba vyenye maandishi ya runi (herufi za kale za Ulaya ya kaskazini) wakidai ni miungu ya Retra, hekalu la Waslavi lililotoweka. Mwaka 1771 vikachapiwa kitabu cha fahari chenye michoro, wasomi wakashangilia. Karne iliyofuata ikathibitika walivisubu wao wenyewe. Na Poland kuna mtu, Dyamentowski, aliyeghushi historia ya kale inayoitwa ya Prokosz, na hiyo ndiyo mama wa nadharia ya "Lechia Kuu" inayouza vitabu mpaka leo, yenye wafalme wa Poland waliompiga Kaisari.

Daktari wa Mbegu:

Mimi ni mtu wa baiolojia, naomba nichomekee. Hao wa Lechia hupenda sana kutaja vinasaba, kwamba nasaba ya kiume ya R1a ipo Ulaya ya mashariki na India, kwa hiyo Waaria, wale wahamiaji wa kale wa India, walikuwa Waslavi. R1a ina matawi. Tawi linalotamba India na Asia ya Kati ni jingine, na matawi ya Waslavi ni mengine. Babu yao wa pamoja aliishi maelfu ya miaka kabla hakujakuwa na lugha ya Kislavi. Ni sawa na kusema babu wa babu ni mtoto wako.

Mwaka 2025 umetoka utafiti kwenye jarida la Nature wa vinasaba vya watu wa kale zaidi ya 500. Unaonyesha kwamba karne ya 6 mpaka ya 8 watu walihama kwa wingi, familia nzima nzima, kutoka eneo la kusini mwa Belarus na kaskazini mwa Ukraine. Mashariki mwa Ujerumani, Poland na Croatia zaidi ya asilimia 80 ya asili ya wakazi ilibadilika. Maana yake Waslavi hawakuwa wamekaa Poland tangu enzi za Kaisari wakimsubiri.

Mpekuzi wa Kale:

Daktari, umenisaidia sana. Niongeze kwa nini utafiti huo ulichelewa: Waslavi wa mwanzo walichoma maiti zao. Majivu hayana vinasaba. Hivyo kwa muda mrefu pengo hilo liliachiwa wenye midomo.

Na wale wanaotaja Arkaim, mji wa duara huko Chelyabinsk, Urusi: umegunduliwa 1987, ulikuwa ufunikwe na bwawa, ukaokolewa. Ni wa karibu mwaka 2000 kabla ya Kristo, wa watu wa utamaduni wa Sintashta, mafundi wa magari ya vita ya kukokotwa na farasi. Ni wa ajabu kwa haki yake. Kuwaita Waslavi ni kuwapora.

Mpemba wa Wete:

Assalaam alaykum. Nimeona mnalalamika kuwa wote walioandika ni mapadri. Waarabu je? Ibn Fadlan si alifika huko?

Mpekuzi wa Kale:

Waalaykum salaam. Alifika mto Volga, Urusi ya leo. Alitoka Baghdad mwaka 921 akiwa kwenye ujumbe wa khalifa al-Muqtadir, mwaka uliofuata akawaona wafanyabiashara wa Rus. Walikuwa na nguzo ndefu ya mti yenye uso kama wa mtu, imezungukwa na vinguzo vidogo. Mfanyabiashara akitua anakwenda na mkate, nyama, vitunguu na pombe, anasujudu, anasema: bwana wangu, nimetoka mbali, nina ngozi kadhaa, niletee mnunuzi mwenye dinari nyingi asiyebishana bei. Biashara ikigoma anaongeza sadaka kwa vile vinguzo vidogo. Tatizo, wasomi wengi wanaona hao Rus walikuwa na asili ya Skandinavia, kwa hiyo si ushahidi safi wa Waslavi.

Kwenu kuna kiungo kingine, tena kizuri. Al-Masudi, aliyefika Qanbalu karibu mwaka 916, na wengi wanasema Qanbalu ndiyo Pemba, katika kitabu hicho hicho anachoeleza Zanj na pembe za ndovu ameweka pia habari za mahekalu ya Waslavi, yaliyo milimani, yenye mawe ya rangi na sanamu kubwa. Pwani yetu aliiona kwa macho yake. Kwa Waslavi hakufika, na ukisoma unaona tofauti: ya Zanj ni ya mtu aliyeuliza bei, ya Waslavi ni ya mtu aliyesimuliwa.

Mtoto wa Kariakoo:

Na hivi sasa wapo wanaoabudu kweli, au ni utalii?

Mpekuzi wa Kale:

Wapo, na si wa aina moja. Lev Sylenko, Mukraine aliyekuwa uhamishoni, aliasisi dini yake Chicago mwaka 1966, yenye mungu mmoja aitwaye Dazhboh. Poland kuna jumuiya iliyosajiliwa mwaka 1995. Urusi wapo wengi bila kiongozi mmoja. Baadhi ni watu wapole wanaokwenda msituni kuwasha moto wa Kupala (sikukuu ya katikati ya kiangazi) na kumwaga wanzuki chini. Baadhi ni wabaguzi wa rangi waliopata joho la kidini, hilo tusilifiche, na mtu mweusi anayekwenda kushangaa sherehe zao aangalie kwanza ni kundi gani. Ile alama ya gurudumu la mikono minane wanayoita ya maelfu ya miaka, kwa sura yake hiyo inafuatwa nyuma hadi michoro ya msanii wa Poland, Stanisław Jakubowski, ya mwaka 1923.

Kichekesho kikubwa ni Wayngli wa Omsk, wafuasi wa Khinevich. Wana kalenda yao ya "kuumbwa kwa dunia katika Hekalu la Nyota", inayoanza zaidi ya miaka 5,500 kabla ya Kristo. Wanasema ni mwaka Waslavi walipofanya amani na China. Kalenda hiyo ni ya Kanisa la Konstantinopoli, iliyohesabiwa kutoka kwenye Biblia. Wamekataa Ukristo wakabaki na kalenda yake.

Jicho la Tatu:

Sawa mkuu, nimekusoma. Bado najiuliza, mahekalu yote hayo, hakuna hata sanamu moja ya dhahabu iliyosalimika? Si ajabu zipo Vatican zimefichwa.

Mpekuzi wa Kale:

Vatican unayoitaja ina mguu wake mmoja kwenye ukweli. Szczecin, Poland ya leo, palikuwa na Triglav, mungu wa vichwa vitatu. Askofu Otto wa Bamberg alipoibomoa sanamu yake miaka ya 1120 alituma vile vichwa kwa Papa kama uthibitisho wa kazi. Havijaonekana tena.

Ila mji jirani wa Wolin palikuwa na Triglav mwingine mdogo, wa dhahabu. Makuhani walimtorosha na kumkabidhi mjane mmoja kijijini. Mama yule alitoboa gogo kubwa la mti, akamtumbukiza ndani amefungwa nguo, akaacha kijitundu cha kupitishia sadaka tu. Otto akamtuma mtu wake Hermann, aliyejua lugha. Hermann akanunua kofia na joho la kienyeji, akaenda kwa mama akajifanya alinusurika kuzama baharini kwa msaada wa Triglav, amekuja kushukuru. Mama akamwonyesha. Hermann akatupia sarafu kwenye tundu, isikike imelia, halafu akaitemea mate ile sehemu takatifu na kuanza kuhangaika kumtoa. Gogo halikuachia. Sanamu ilikuwa imekazwa kiasi kwamba haitoki wala haitikisiki.

Akaangaza macho ukutani, akaona limening'inizwa tandiko chakavu la farasi wa Triglav. Akalitia kwapani akatoka mbio usiku kucha, akampelekea askofu tandiko.